"Sikuwaomba mniletee mtoto": Binti yangu wa miaka 14 amenigeuka, nifanyeje?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu na ninaishi Kayole. Kifungua mimba wangu ni msichana wa miaka 14, yuko Gredi ya 9. Anayemfuata ni mvulana wa miaka mitano, yuko chekechea, PP2. Kitinda mimba ni msichana wa miezi minane. Mume wangu ni dereva wa trela, anabeba mizigo kutoka Mombasa hadi Malaba na wakati mwingine Kampala, kwa hivyo nyumbani huwa anafika mara mbili kwa mwezi, siku mbili au tatu hivi. Mimi nauza nguo za watoto Gikomba. Siku za kufungua mtumba ni lazima niwe sokoni kabla ya saa kumi na mbili alfajiri, la sivyo nguo nzuri zinachaguliwa na wengine, naachiwa makapi.

Shangazi, huyu mkubwa ndiye mtoto ambaye majirani walikuwa wakinisifia. Alikuwa akitoka shule anavua sare, anafua soksi, anafungua vitabu bila kuambiwa. Siku hizi simwelewi. Nikimsemesha ananijibu kwa kuinua mabega. Akiingia chumbani anafunga mlango, na chumba chenyewe analala na ndugu yake. Msichana wa kazi aliondoka Januari, na tangu hapo yeye ndiye humchukua mtoto kwa mama anayetulelea akitoka shule saa kumi, anamlisha, anapika, ananingoja nifike saa mbili usiku. Juzi mwalimu wa darasa alinipigia simu akaniambia alama zake zimeshuka, na kwamba kwa wiki moja tu amefika shuleni akiwa amechelewa mara tatu. Nilimuuliza, akanyamaza. Nikamchapa na mwiko. Ndipo akaniambia, "Sikuwaomba mniletee mtoto." Nguvu ziliniishia.

Nilikagua simu ya zamani ninayomwachia, nikapata anaandikiana na kijana nisiyemjua. Sikuona la aibu, ni salamu, utani na malalamiko ya nyumbani, lakini nimeifungia kabatini.

Huyu wa miaka mitano aliacha kukojoa kitandani tangu alipokuwa na miaka mitatu na nusu. Sasa ameanza tena, mara tatu au nne kwa wiki, anaongea kitoto na anataka kubebwa mgongoni. Mama mkwe alipotutembelea alisema godoro lianikwe kwenye korido watoto wa ploti walione, ataacha kwa aibu. Nilianika mara moja. Hakuacha.

Mtoto naye mchana analala bila shida, lakini usiku ananyonya kama aliyezaliwa jana. Nafika sokoni macho yamenivimba.

Mimi sina ninayempendelea. Sheria ya nyumba yangu ni moja: taa zinazimwa saa tatu, na anayekosa anaadhibiwa. Bado mama mkwe anasema nimewalea kwa ulegevu. Dadangu ananiambia binti nimpeleke shule ya bweni au kwa nyanya yake Machakos mpaka amalize mtihani. Nifuate lipi?

Mama wa watatu, Kayole

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa uchovu huo.

Machakos usimpeleke, na bweni pia usimpeleke sasa. Nakujibu hilo kwanza kwa sababu ndilo linaloweza kufanyika kesho asubuhi na kuleta madhara ya miaka. Jiulize: siku binti akipanda gari la Machakos, nani atamchukua mtoto saa kumi? Itakubidi utafute mtu. Basi mtafute huyo mtu sasa, binti akiwa nyumbani kwake. Akiondolewa baada ya kukwambia amelemewa, ataelewa kwamba anayesema ukweli hufukuzwa. Tena yuko Gredi ya 9. Mtihani wa KJSEA, ule wa mwisho wa Gredi ya 9, unabeba asilimia 60 ya alama zake, na zilizobaki zinatokana na mtihani wa KPSEA alioufanya Gredi ya 6 na kazi za darasani za Gredi ya 7 na ya 8. Walimu wanaomjua ndio wa kumsaidia kujiandaa na kuchagua mkondo wa sekondari pevu, iwe ni sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Huu si wakati wa kumpeleka kwa walimu wageni.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimesimama pale unapogusia msichana wa kazi aliyeondoka Januari. Umeliandika jambo hilo upesi ukaendelea, na mimi naona ndilo barua yenyewe. Kutoka saa kumi hadi saa mbili ni saa nne. Kwa siku tano za shule ni saa ishirini kila wiki, na mtoto mchanga mkononi, sufuria jikoni, na ndugu wa miaka mitano anayelilia kubebwa. Hukuniambia ni nani anayemvisha huyo mdogo na kumpeleka mtoto kwa mama mlezi siku unazotoka alfajiri. Ziangalie zile siku tatu alizochelewa. Kama ni siku zako za kufungua mtumba, basi umeshajua kwa nini alinyamaza ulipomuuliza. Alikuwa anakufichia, maana kukujibu ilikuwa ni kukulaumu.

Sisemi umemtesa mwanao. Kifungua mimba kusaidia ni jambo la kawaida Kayole na kila mtaa wa jiji hili, na mtoto asiyeguswa na kazi yoyote ya nyumbani hukua na pengo. Lakini kusaidia ni kitu kimoja na kushika nyumba ni kingine. Kuosha vyombo kuna mwisho. Ukimaliza umemaliza, na mkubwa yuko karibu. Mtoto wa miezi minane hana mwisho. Akilia bila sababu, akipandwa na joto, akianguka kitandani, ni nani wa kuulizwa? Hofu hiyo binti yako anakaa nayo peke yake kila jioni mpaka asikie unagonga mlango. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kulelewa na wazazi wote wawili, na jukumu hilo ni la baba na mama kwa usawa. Kifungua mimba hatajwi.

Kwa hivyo "sikuwaomba mniletee mtoto" ni maneno makali, yaliuma, na hakupaswa kukutolea kwa namna ile. Ila ni ukweli wa kwanza aliokwambia tangu Januari. Usiupoteze.

Anza na mwiko. Mwombe radhi, kwa ufupi, bila "lakini" ya kufuata. Najua mama mkwe hatapenda, na wako wasomaji wangu watakaosema nawaharibu watoto. Mimi nasimama hapo hapo. Msichana wa miaka 14 akichapwa hajifunzi kuja mapema shuleni. Anajifunza kuficha vizuri zaidi, na ndani ya miaka mitatu minne ijayo kutakuwa na mambo ambayo utatamani sana akwambie mapema.

Kisha zungumza naye, na usimkalishe sebuleni kama kikao cha wazee. Watoto wa umri huu hufunguka mkiwa bega kwa bega, mikono ikiwa na kazi au miguu ikitembea, kuliko wakikazwa macho. Toka naye Jumapili jioni, nyinyi wawili tu, mtembee mpaka stejini na kurudi. Mwambie hivi: "Nimehesabu saa unazokaa na mtoto, ni nyingi. Hazikuwa zako kuzibeba. Nataka tuzipunguze, niambie zipi zinakuumiza zaidi." Halafu nyamaza. Asipojibu siku hiyo, usimlazimishe. Atajibu siku nyingine ukiwa unachambua sukuma wiki, na swali likija bila kutarajiwa, acha unachofanya umsikilize.

Maneno bila kupunguza saa hizo hayatasaidia, kwa hivyo tuje kwenye hesabu. Zungumza na mama mlezi akae na mtoto mpaka saa moja jioni, angalau siku tatu za wiki, na tofauti ya malipo alipe baba yao. Siku mbili nyingine funga kibanda mapema. Najua jioni ndiyo wateja wanaotoka kazini hupita Gikomba, na hiyo ni hasara ya kweli, siifanyi ndogo. Siku za kufungua mtumba, jirani mmoja unayemwamini awapeleke wadogo, nawe umlipe au umtafutie nguo za wanawe. Binti abaki na kazi za umri wake: sare zake, vyombo vya jioni, kupika siku moja ya wikendi. Usimwondolee zote, atajiona mgeni kwake.

Sasa nikuguse mahali ambapo nadhani unajivunia. Unasema sheria ni moja kwa wote. Nia yako ni njema, lakini sheria hiyo ya taa saa tatu haimfai hata mmoja wao. Mtoto wa miezi minane hajui saa. Wa miaka mitano anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku. Kama anaamshwa saa kumi na mbili kasorobo, saa tatu ni kuchelewa, alale saa mbili kasoro. Na wa miaka 14 mwili wake umebadilika hata katika usingizi. Katika ubalehe, usingizi wa usiku husogea mbele, hata akizimiwa taa saa tatu atakodolea giza macho. Bado anahitaji saa 8 hadi 10. Mpe saa moja ya utulivu wadogo wakishalala, asome au asifanye lolote, kisha azime saa nne. Watoto wako watatu wako katika hatua tatu tofauti, na kila hatua inamtaka mama kwa namna yake. Huyu mdogo anautaka mwili wako. Wa kati anataka kuhakikisha bado yumo. Mkubwa anataka umwamini, umsikilize, na umwachie muda ulio wake.

Mlango anaoufunga usikutishe. Kutaka faragha katika umri huu ni sehemu ya kukua, sawa na alivyokuwa na miaka miwili akisema "mimi mwenyewe" na kukataa kuvishwa viatu. Kwa kuwa chumba ni cha wawili, mwekee pazia kwenye kona yake na sanduku lenye kufuli la vitu vyake. Mbishie hodi.

Simu mrudishie, mkiwa mmekubaliana inalala sebuleni usiku. Uliyoyasoma hayakuwa mabaya, na kati yake yalikuwamo malalamiko ya nyumbani. Maana yake alipata mtu wa kumsikiliza. Muulize huyo kijana ni nani, ana miaka mingapi, wanajuana vipi, kwa sauti ile ile unayomuulizia rafiki yake wa kike. Mweleze wazi: picha za mwili hazitumwi kwa yeyote, na mtu mzima anayemtaka amfichie siri ni hatari. Kama hujawahi kumweleza kuhusu hedhi, mimba na mwili wake kwa lugha isiyo ya mafumbo, mweleze mwezi huu, kwa sababu wengine watamweleza wasipoulizwa. Na angalia kijitabu chake cha kliniki kama alipata chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Vituo vya afya vya umma huwachanja wasichana wa miaka 10 hadi 14 bila malipo, na yeye yuko ukingoni. Pia mpe nambari 116, ya Childline Kenya. Ni ya bure, inajibiwa usiku na mchana. Usiione kama kushindwa kwako. Kila mtoto anastahili kuwa na mtu mwingine wa kumweleza.

Kuhusu mvulana, usianze na adhabu wala aibu. Kwa kuwa alishakauka kwa zaidi ya mwaka kisha akaanza tena, mpeleke kituo cha afya apimwe mkojo, maana maambukizi ya njia ya mkojo huleta hali hiyo, na hata kufunga choo. Ukiona anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa kila mara na anakonda, mpeleke siku hiyo hiyo apimwe sukari ya damu. Vipimo vikiwa safi, basi huenda ni mtoto aliyepata mdogo wake na akampoteza msichana wa kazi aliyemzoea, yote ndani ya mwaka mmoja. Watoto wa miaka mitano wakipata mdogo hurudi nyuma kidogo, huongea kitoto, hunyonya kidole. Hupita. Mpe maji ya kutosha mchana, yapungue jioni, aende choo kabla ya kulala, tandika nailoni chini ya shuka. Asubuhi akusaidie kutoa shuka bila mtu kumsonya. Godoro likihitaji jua lipandishe juu kwenye kamba za nguo pamoja na mablanketi ya wote, asijulikane mwenyewe ni nani. Na anapotaka kubebwa mgongoni, mbebe. Akifika Gredi ya 3 hatakuomba.

Huyu mdogo hana tatizo la usiku, ana tatizo la mchana. Hakuoni kutwa, kwa hivyo anajilipa usiku. Ukifika nyumbani, kabla ya kuvua viatu na kabla ya jiko, kaa umnyonyeshe. Mpe chakula kigumu kiasi, si uji mwepesi tu: viazi na maharagwe yaliyopondwa, yai, omena iliyosagwa, mara tatu kwa siku, na maziwa yako yaendelee hadi miaka miwili na zaidi. Asali bado usimpe. Mwezi ujao akitimiza miezi tisa ana chanjo ya surua na rubela.

Lakini kuna neno moja lililonishtua: mchana "analala bila shida". Mtoto wa miezi minane hulala mchana mara mbili tatu, kisha yuko macho anatambaa na kuvuta vitu. Wako walezi wanaowapa watoto dawa za mafua au za mzio ili walale, wapate nafasi ya kuwashika wengine. Simshuku mama mlezi wenu, simjui. Pita kwake siku moja saa sita mchana bila kumwarifu. Angalia watoto ni wangapi na watu wazima ni wangapi, wamelala wapi, na wako yuko katika hali gani. Ukimkuta amelegea na haamki ukimwita, mtoe siku hiyo hiyo na umpeleke hospitali. Hili litangulie mengine yote niliyoandika.

Mumeo anaendesha usiku na mchana kuwalisha, na namheshimu kwa hilo. Hata hivyo ulezi hauishii kwenye M-Pesa. Akipiga simu kutoka njiani, mpe binti azungumze naye mwenyewe, wasijadili makosa, wajadili sekondari pevu na anachotaka kusoma. Akifika nyumbani, siku zake mbili hizo amshike mtoto yeye, binti atoke na wenzake. Mama mkwe mwachie mumeo. Ni mamake, yeye ndiye wa kumwambia mambo ya godoro yamekwisha.

Usitarajie binti abadilike wiki hii. Atakupima kwanza, aone kama saa zilizopunguzwa zitabaki hivyo mtumba ukiwa mbaya na pesa zikikosekana. Ukimwona hali chakula, hataki hata marafiki, anajiumiza au anataja kufa, usingoje. Mpeleke hospitali amwone mshauri nasaha siku hiyo.

Jumatatu mpigie mwalimu wa darasa. Kama zile siku tatu zilikuwa za mtumba, mwambie kuchelewa kule kulitokana na mipango ya nyumbani na kwamba umeibadilisha, umuulize ni masomo gani yaliyoshuka na ni lipi la kuanza kuokoa kabla ya mtihani. Piga simu hiyo binti akiwa hapo anasikia.

Shangazi